Sura ya Sita: Koili Pacha, Swichi Tatu na Umeme wa Hezi 50

Umeme wa gridi ya Tanzania hugeuza mwelekeo wake na kuurudia mara 50 kwa kila sekunde, na kila waya unaoupitisha, uwe wa nguzoni, wa ukutani au wa ndani ya amplifaya, huzungukwa na uga wa sumaku unaopanda na kushuka kwa mwendo huohuo. Katika Gendabi na vijiji vingine vilivyo chini ya Mlima Hanang, ambako kanisa moja hutumia umeme wa nguzo na jingine jenereta au sola, uga huo haumsumbui mwenye taa wala mwenye mashine ya kusaga; humsumbua mpiga gitaa. Gitaa la umeme ni chombo ambacho kazi yake yote ni kuhisi mabadiliko madogo ya sumaku, na kwa kuwa halina namna ya kujua kama mabadiliko hayo yametoka kwenye uzi au kwenye waya wa ukutani, huyapokea yote na kuyapeleka kwenye spika, ambako yale ya ukutani husikika kama mvumo mzito usiokoma. Kati ya magitaa yote ya bendi au ya kwaya, linaloathirika zaidi ni la besi, na sababu yake ni ya kimuziki kabla ya kuwa ya kiufundi.

Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi lenye nyuzi nne, yaani uzi wa E, hutetema takribani mara 41 kwa sekunde ukipigwa bila kubanwa, wa A mara 55, wa D mara 73 na wa G mara 98. Mvumo wa umeme, kwa hiyo, hauangukii nje ya eneo la besi bali ndani yake kabisa. Mpigaji akibana uzi wa E kwenye freti ya tatu hupata noti ya G yenye mitetemo 49, pungufu ya mvumo kwa mtetemo mmoja tu, na sauti mbili zilizokaribiana kiasi hicho hugombana: huimarishana na kufifishana kwa zamu, mara moja kila sekunde, hata noti ndefu ikasikika kama inayopumua. Tena mvumo hauji peke yake, kwa kuwa huandamana na vizidishi vyake vya mitetemo 100, 150, 200 na 250, ambavyo viko karibu sana na noti za G, D, G na B. Huo ndio mkusanyiko uleule wa noti ambao mpiga gitaa la ridhimu huupata anaposhika G, isipokuwa G hii ya ukutani imepanda kwa karibu theluthi moja ya nusu toni juu ya ile ambayo kinanda na magitaa yametuniwa. Wimbo ukiwa katika ufunguo wa G, kuna ugomvi wa kudumu kati ya bendi na nyaya. Ukiwa katika A bemoli, kuna noti ngeni iliyosimama chini ya wimbo mzima.

Nchini Marekani, ambako magitaa haya yalibuniwa, umeme ni wa hezi 60, hezi ikiwa ni kipimo cha idadi ya mitetemo kwa sekunde, na mvumo wake huangukia mwanya ulio kati ya B bemoli na B, funguo ambazo mpiga gitaa hazikimbilii. Wabunifu wa California na Michigan walipambana na mvumo, lakini si huu. Kwenye jenereta dogo la petroli, lile la kawaida ambalo injini yake hupaswa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili kutoa hezi 50, mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu injini ikielemewa na spika na taa huzunguka polepole, na mvumo hushuka pamoja nayo, kisha hupanda tena mzigo unapopungua. Mpiga besi katika mkutano wa injili wa uwanjani anaweza kujikuta anapiga sambamba na besi ya pili isiyojua wimbo.

Kifaa cha gitaa kinachohisi mtetemo ni pikapu, ambayo kimsingi ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko, na mizunguko hiyo kwa pamoja huitwa koili. Uzi wa chuma ulio juu ya sumaku hugeuzwa kuwa sumaku kidogo nao, na unapotetema hutikisa uga wa sumaku unaopita ndani ya koili, jambo ambalo huzalisha umeme mdogo kwenye waya kwa kanuni iliyoonyeshwa na Michael Faraday huko Uingereza mwaka 1831. Koili moja inatosha kulifanya gitaa lisikike, na ndiyo iliyowekwa kwenye Precision Bass, gitaa la besi la umeme ambalo Leo Fender alilitoa mwaka 1951 na ambalo ndilo lililokifanya chombo hiki kienee duniani. Lakini koili moja ni antena nzuri ya mvumo kama ilivyo sikio zuri la uzi.

Dawa iliyodumu hadi leo ilitoka kwa Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson, ambaye mwaka 1955 aliomba hataza ya pikapu yenye koili mbili na kupewa mwaka 1959. Koili ya pili huunganishwa kinyume na ya kwanza, ili mvumo unaozifikia zote mbili kwa wakati mmoja uzalishe umeme unaosukuma pande mbili tofauti, kama watu wawili wenye nguvu sawa wanaosukuma mlango mmoja, huyu akiwa ndani na yule nje, mlango ukabaki ulipo. Kama ingeishia hapo, hata sauti ya uzi ingefutika. Ujanja wa Lover ulikuwa kugeuza pia ncha za sumaku ya koili ya pili, kwa hiyo uzi, ambao mtetemo wake hutegemea sumaku iliyo chini yake, hugeuzwa mara mbili na kurudi ulivyokuwa, na sauti za koili zote mbili hujumlishana, ilhali mvumo, usiojali sumaku ya gitaa, hugeuzwa mara moja tu na kufa. Pikapu ya namna hii huitwa hambaka. Fender naye alilijua tatizo, kwani mwaka 1957 aliigawa pikapu ya Precision Bass vipande viwili vilivyounganishwa kwa kanuni hiyohiyo, kipande kimoja kikihudumia nyuzi mbili, na mwaka 1960 alitoa Jazz Bass yenye pikapu mbili za koili moja moja zinazofutiana mvumo pale tu zote zinapofunguliwa sawasawa. Mpigaji akipunguza moja ili apate sauti anayoitaka, mvumo hurudi, na huo ni mpango unaomwadhibu mtu kwa kuchagua.

Umuhimu wa ukimya huo huonekana vizuri zaidi katika muziki wa Afrika Mashariki kuliko katika roki, ambayo ndiyo huzungumziwa zaidi vitabu vinapoeleza historia ya pikapu. Besi ya roki mara nyingi hupiga mfululizo na kuujaza wakati wote, kwa hiyo mvumo hujificha nyuma yake. Besi ya rumba na ya dansi la Tanzania na Kenya huongea kwa vifungu vifupi, hunyamaza, kisha hujibu; sehemu kubwa ya utamu wake iko kwenye nafasi inayoachwa ili gitaa la ridhimu na tumba vipite. Anayesikiliza kazi za Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitenga na Simba Wanyika, atatambua kwamba besi ya Tom Malanga inaubeba wimbo kwa mapumziko yake kiasi kilekile inavyoubeba kwa noti zake. Mvumo ukiwepo, mapumziko hayo hayapo tena. Mpiga besi hawezi kunyamaza kwa sababu chombo chake hakinyamazi, na muziki wote unaotegemea kunyamaza hupoteza umbo.

Jambo la pili linalolifanya gitaa lenye hambaka mbili na swichi nyingi listahili sura nzima katika kitabu hiki ni umiliki wa vyombo. Kwa miongo kadhaa baada ya Uhuru, mwanamuziki wa dansi nchini Tanzania kwa kawaida hakumiliki chombo alichokipiga. Vyombo vilikuwa mali ya chama, jeshi, polisi au shirika la umma, kama ilivyokuwa kwa NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kwa Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 na baadaye ikawa chini ya DDC, yaani Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Aliyehamia bendi nyingine aliondoka na vidole vyake akaliacha gitaa. Wakati wa uhaba wa fedha za kigeni, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, gitaa moja liliweza kupita mikononi mwa wapigaji kadhaa bila kupata mbadala. Kwaya za makanisa katika Hanang na Mbulu zinafuata mpango uleule kwa sababu zake zenyewe: vyombo ni vya usharika au vya parokia, gitaa la besi ni moja, na linapigwa na kijana wa kwaya ya vijana asubuhi, na mwingine wa kwaya kuu baadaye, kisha linakwenda kwenye harusi. Mpigaji wa Nairobi au London anayetaka sauti tatu tofauti hununua magitaa matatu. Kwaya ya kijijini inayotaka sauti tatu lazima izipate kwenye gitaa moja.

Gibson ndiyo iliyotangulia kuziweka hambaka mbili na swichi ya kuchagua sauti kwenye gitaa la besi linalojulikana sana, nalo ni EB-3 ya mwaka 1961, iliyokuwa na hambaka kubwa karibu na shingo, nyingine ndogo karibu na daraja, yaani mahali nyuzi zinapofungwa mwilini, na swichi ya kuzungusha yenye vituo vinne. Jack Bruce wa bendi ya Cream alilipatia sifa, lakini ukweli ni kwamba hambaka yake ya shingoni ilikuwa na sauti ya tope: nzito, pana na isiyo na kingo, kiasi kwamba noti mbili za haraka huungana kuwa moja. Kwa sebene, ile sehemu ya wimbo yenye magitaa ya haraka ya kuchezesha watu, gitaa hilo lingekuwa mzigo. Leo Fender alilirudia swali hilo baada ya kuuza kampuni yake ya kwanza. Akiwa na Music Man alishiriki kuleta StingRay ya mwaka 1976, yenye hambaka moja na saketi ya kukuza sauti inayotumia betri ndani ya gitaa, kisha Sabre ya mwaka 1978 yenye hambaka mbili, na hatimaye, katika kampuni ya G&L aliyoianzisha pamoja na George Fullerton, akatoa L-2000 mwaka 1980. Hilo la mwisho ndilo jibu kamili zaidi, na magitaa mengi ya kampuni nyingine yamejengwa kwa fikra ileile, yakiwemo ya bei nafuu.

Muundo wa L-2000 uliozoeleka una swichi tatu ndogo. Ya kwanza huchagua pikapu ya shingoni, ya darajani au zote mbili. Ya pili huamua kama koili za ndani ya kila pikapu zitaunganishwa kwa mfululizo au sambamba. Ya tatu huamua kama sauti itapita moja kwa moja, au itapitia saketi ya betri, au itapitia saketi hiyo huku sauti za juu zikiongezwa. Hesabu ya tatu mara mbili mara tatu huleta sauti 18, na wauzaji hupenda kuitaja. Si idadi ya kutishika nayo, wala ya kuvutiwa nayo kupita kiasi, kwa kuwa mpigaji mwenye busara hutumia nne au tano, na zilizobaki ni tofauti ndogo ambazo spika za ukumbini hazizitoi. Kinachofaa kueleweka ni kwa nini kila swichi hubadili sauti, kwa sababu anayeelewa hilo hahitaji kuzijaribu zote wakati wa ibada.

Mahali pa pikapu hubadili sauti kwa sababu uzi hautetemi kwa namna moja tu. Hutetema wote kwa pamoja na kutoa sauti ya msingi, na wakati huohuo hutetema kwa nusu, theluthi na robo zake, ukitoa sauti tanzu zilizo juu ya ile ya msingi. Karibu na shingo mwendo mpana wa sauti ya msingi ni mkubwa, na pikapu ya hapo husikia unene. Karibu na daraja mwendo huo umebanwa, na pikapu husikia zaidi sauti tanzu, ndiyo maana sauti yake ni kavu na yenye ncha. Zikifunguliwa zote mbili, baadhi ya sauti tanzu za katikati huzifikia pikapu hizo zikiwa zinapingana na kufutana, na matokeo ni sauti yenye chini na juu lakini iliyobonyea katikati, nzuri mtu akipiga peke yake chumbani, dhaifu akisimama kati ya magitaa mawili na kinanda.

Swichi ya mfululizo na sambamba ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, ingawa ndiyo inayoeleweka kidogo. Koili zikiunganishwa kwa mfululizo, umeme wa ya kwanza hupitia ya pili, nguvu zao hujumlishwa na sauti huwa kubwa, lakini urefu wote huo wa waya huwa pingamizi kwa sauti za juu, kwa hiyo sauti hunenepa na kufunikwa. Zikiunganishwa sambamba, kila moja hupeleka umeme wake kwa njia yake, sauti hupungua ukubwa na sauti za juu hufunguka. Mvumo hufutwa katika hali zote mbili, na hapo ndipo mpango huu unapoupita ule wa kuzima koili moja ili kuiga pikapu ya kizamani, mpango ambao hurudisha mvumo mlangoni mara swichi inapobonyezwa.

Kwaya ya sauti nne inaonyesha faida hiyo kwa urahisi. Sauti ya nne, ile ya besi inayoimbwa na wanaume, hushuka hadi karibu na mitetemo 82 kwa sekunde, na hapo tayari imeingia katika eneo la gitaa la besi, ambalo hushuka oktavu nzima zaidi. Gitaa likiwa kwenye pikapu ya shingoni kwa mfululizo, unene wake huwafunika waimbaji hao, na kiongozi wa kwaya huwalaumu kwamba hawasikiki ilhali kosa liko kwenye swichi. Likiwekwa sambamba, pikapu zote mbili zikiwa wazi, gitaa hushika chini na kuwaachia waimbaji nafasi yao. Ule ubonyefu wa katikati uliokuwa udhaifu ndani ya bendi ya magitaa hapa unakuwa heshima kwa waimbaji. Wimbo unapofika kwenye mwendo wa kuchezeka, pikapu ya darajani peke yake, ikiwa kwa mfululizo, huipa besi uwezo wa kukatiza kati ya ngoma na magitaa bila kuongezewa sauti.

Makanisa mengi ya vijijini hayana amplifaya maalumu ya besi. Gitaa huchomekwa kwenye mikisa ileile ya maikrofoni, na spika zake, zilizotengenezwa kwa ajili ya sauti ya mhubiri, haziwezi kutoa mitetemo 41 kwa nguvu yoyote ya maana. Mpigaji asiyelijua hilo huongeza kitufe cha besi hadi mwisho, spika ikatikisika bila noti kusikika, na wakati mwingine ikaungua. Sikio la binadamu, hata hivyo, hukamilisha lisichopewa: likisikia sauti tanzu za mitetemo 82, 123 na 164, ubongo hutambua noti ya mitetemo 41 hata kama yenyewe haikutoka kwenye spika. Kwa hiyo, kwenye spika ndogo, njia ya kuifanya besi isikike ni kupunguza besi na kuongeza sauti za juu, kwa pikapu ya darajani au kwa koili sambamba. Ushauri huu huwashangaza wapigaji wengi hadi wanapoujaribu, na unahusu pia nyimbo zitakazosikilizwa kwenye simu.

Waya wa kutoka kwenye gitaa hadi kwenye mikisa nao una sehemu yake. Waya mrefu, hasa wa bei nafuu, hula sauti za juu, na hula zaidi pale koili zinapokuwa kwa mfululizo; kanisa ambalo mikisa yake iko nyuma ya ukumbi, mita 15 au 20 kutoka kwa mpigaji, hupoteza mng'ao wote njiani. Koili sambamba hupunguza hasara hiyo, na saketi ya betri huiondoa karibu yote. Hapo ndipo betri inapostahili sifa, ingawa ndiyo pia udhaifu mkubwa wa magitaa ya kisasa. Betri ya mraba ya volti 9 ikiisha, gitaa lisilo na njia ya kuikwepa, kama StingRay ya asili, hunyamaza, na betri ya aina hiyo si bidhaa ya kila duka la kijijini kama zilivyo za tochi. Swichi ya tatu ya L-2000, kwa kuruhusu sauti ipite moja kwa moja, hulifanya gitaa liendelee na kazi. Betri huliwa pia pale waya unapoachwa umechomekwa baada ya mazoezi, kwa kuwa katika magitaa mengi plagi yenyewe ndiyo inayowasha saketi.

Hambaka haina uwezo juu ya kelele isiyopitia kwenye koili. Mlio wa inveta duni ya sola huingia kupitia waya wa umeme wa amplifaya. Mlio unaokoma mpigaji anapogusa nyuzi hutokana na gitaa lisilokingwa vizuri kwa karatasi ya shaba au alumini ndani yake. Na mvumo unaotokea mikisa na amplifaya zinapochomekwa kwenye soketi zilizo mbalimbali hutokana na nyaya za ardhi zisizolingana. Waya wa ardhi wa jengo hudhoofika pia wakati wa kiangazi, udongo unapokauka kuizunguka fimbo ya chuma iliyochimbiwa chini, na dosari hiyo ni hatari kwa uhai wa mpigaji anayeshika nyuzi huku mdomo wake ukigusa maikrofoni. Kukata waya wa ardhi ili mvumo ukome, jambo ambalo baadhi ya mafundi mitambo hulifanya, ni kosa ambalo hakuna ubora wa sauti unaoweza kulihalalisha.

Kwaya inayonunua gitaa la besi, jipya au lililotumika, inapaswa kulijaribu kwenye umeme litakaopigiwa na si dukani tu: lichomekwe, sauti ipandishwe, mpigaji asimame karibu na amplifaya bila kupiga, swichi zipitishwe moja baada ya nyingine, kisha betri itolewe na wimbo upigwe hadi mwisho. Gitaa la hambaka linalovuma kwenye kituo kimoja cha swichi huenda lina kasoro ambayo fundi anaweza kuirekebisha kwa gharama ndogo. Lile linalonyamaza kabisa betri inapotolewa, hata liwe na jina kubwa kiasi gani, halifai kununuliwa na kwaya yenye gitaa moja tu.